Kitufe cha Kumnyamazisha Mkwe

Mwanza, Jumamosi

Baba Kemilembe,

Nakusalimia kwa heshima zote, wewe na wote hapo Bweranyange. Goti linaendeleaje? Migomba niliyoiacha imeegemezwa miti, upepo haujaiangusha? Mimi ni mzima, mjukuu ni mzima, ananyonya mpaka anasinzia, na paji la uso ni la kwetu.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya nje, na neno hili likisikika barazani litafika Nkwenda kwa wakwe kabla ya jioni.

Mwanao Kemilembe ameweka seva. Ni mashine iko shuleni anapofundisha, na ndani yake kuna programu ya bure ya kufundishia watoto walio mbali. Wanamwona mwalimu, wanamsikia, na ubao wanauona. Ameiweka peke yake, mimi nimembebea mtoto mlangoni. Kwanza ilikataa mpaka ipewe jina lake na cheti, utafikiri inakwenda kipaimara. Halafu picha ikaja bila sauti, midomo inacheza tu. Akahangaika nayo mpaka sauti ikatoka. Walimu wanaume walikuwa wamekaa wanatazama. Nikawaambia huyo nimemzaa mimi, na darasa langu la saba.

Anataka awafundishe watoto wa huko nyumbani, Anitha mdogo wake akiwemo, maana hawana mwalimu wa fizikia na mtihani unakuja.

Sasa siku ya majaribio, darasa limejaa na wakubwa wa shule wote wamekaa, mimi nilikuwa nimeshamtumia mkwe wetu, baba wa mumewe, linki ya kuingilia. Sikatai. Nilitaka aone mwanawe ameoa nyumba gani. Kemilembe ndiyo kwanza anaanza habari za mwanga na kioo, ikaja sauti ya mzee kutoka Nkwenda:

"Mwanangu, maziwa yanatoka?"

"Shikamoo baba. Yanatoka."

"Wanakupikia ndizi, au ni wali tu?"

Watoto wakacheka. Kemilembe akajibu yote, kichwa ameinamisha. Kisha mzee akaiacha simu mezani, maiki wazi, akaanza kubishana na wanunuzi wa kahawa, darasa zima linasikiliza. Kuna kitufe, Baba Kemilembe. Mwalimu akikibonyeza, mtu hasikiki tena. Niliuona mkono wake umefika pale, ukarudi.

Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, mzime huyo mzee."

"Huyo ni baba yangu mkwe."

"Basi na sisi tutaizima mashine."

Wamempa jaribio moja tu, Jumatano asubuhi. Likiharibika, mashine anapewa mhasibu, na Anitha na wenzake wataingia kwenye mtihani hivyo hivyo.

Na mzee amefurahi. Amepiga kusema Jumatano atakuwepo, na amemwalika katekista na majirani, kila mmoja na simu yake. Nikamwambia Kemilembe awafungie mlango huko huko kwenye mashine. Akasema, "Mama, baba mkwe apige hodi halafu aandikiwe haruhusiwi?" Nikamgeukia mumewe. Akacheka: "Mzee aambiwe na mimi anyamaze? Mwambie wewe, mama." Mimi, mama wa binti, ambaye kwa heshima ya ukwe hata usoni simtazami mzee huyo.

Umebaki wewe. Nenda Nkwenda Jumanne, mpelekee mkungu, ulale huko. Asubuhi mwombe akutembeze kwenye mibuni ya bondeni kusiko na mtandao, na usimwambie kwa nini. Ila nakujua. Mtakaa kwenye pombe ya rubisi, na wewe utaomba uonyeshwe mwanao kwenye simu.

Barua nampa kondakta wa basi la Karagwe. Kama itawahi, sijui.

Nisalimie mama yako, umwambie dawa ya macho nimeipata. Msalimie dada yangu wa Kiruruma anayetuchungia mbuzi, na jirani anayekupikia, asizidishe chumvi. Anitha mwambie asome, asinisubiri mimi.

Kemilembe yuko hapa mezani anaijaribu tena ile mashine ya shuleni kupitia mtandao. Ameniweka na mimi ndani kwa simu yangu, mumewe akiwa chumba cha pili na ya kwake, halafu akabonyeza kile kitufe kwenye jina langu. Kinafanya kazi vizuri sana. Nimeongea na kuongea, na huko chumbani hakikufika hata kikohozi changu.

Mkeo,
Mama Kemilembe