Kitanda cha Bunduki

Jumapili, Kilwa Kivinje. Jua limewaka tangu asubuhi lakini upepo una ubaridi wa kipupwe, na mimi nimekaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi ya wanaume, nina hasira ambayo sijui niimwage wapi.

Nianze na aibu yenyewe, nisizunguke mbuyu. Kaka Bakari amelazwa humo ndani. Paja limeshonwa, mfupa umefungwa plasta, na daktari amesema kwa ule upole wao wa kutisha kwamba kutembea atatembea, ila si kama zamani. Bakari ni mwenzangu katika ulinzi wa wanyamapori wa kijiji. Miaka sita tumefukuza tembo na nyati mashambani pamoja. Na watu wote, kuanzia kwetu huko ndani ya Kiranjeranje mpaka muuza chai wa hapa getini, wananiambia ahsante kwa kumwokoa.

Ahsante!

Jana mama mmoja kaniletea kuku. Kuku mzima, kafungwa miguu kwa ukili, ananitazama. Nikampokea kwa mikono miwili kama mtu aliyestahili.

Nyinyi mnaosoma blogu hii ni wachache na wengi nawajua kwa sura, kwa hiyo mnajua pia nilivyoipata kazi hii. Mnamkumbuka yule mzee aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema bunduki si mwiko, haitaki mkono wa kusongea ugali. Watu walicheka. Nami nilicheka, nikala yamini moyoni kwamba hakuna atakayenisikia hata siku moja nikisema hapa pananiuma.

Yamini ile ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani nilianguka na bodaboda pale Tingi. Dereva alikuwa anakwepa mbuzi. Mbuzi alipona, mimi bega la kulia likateguka. Fundi wa mifupa alilirudisha, akanifunga kwa kanga, akasema nisibebe kitu kizito miezi mitatu. Ndoo nilibeba baada ya wiki mbili, kwa mkono wa kushoto, maana nani atanibebea? Kijijini nikasema nimelalia mkono vibaya. Wakaamini, au nilidhani wameamini.

Sasa hiyo bunduki yetu. Ni moja tu kwa kijiji kizima, ya risasi nene za tatu-saba-tano, ya zamani, kitako chake kimeng'aa kwa mikono ya watu ambao wengine wameshakufa. Ina teke, wallahi! Ukiishika ovyo inakuachia alama begani ya rangi ya bilinganya, na wiki nzima unavaa gauni kwa kujipinda. Kwa bega zima hilo si neno, unazoea. Kwa bega langu lilivyokuwa, hata kuiwaza tu kulinitoa jasho.

Na siku ya shabaha ikafika.

Kila mwaka afisa wanyamapori, huku kwetu tunamwita bwana nyama, anakuja kutupima. Tunakwenda kwenye uwanda pale kwenye machimbo ya mchanga, tunasimamisha ubao, tunapiga. Anayepiga vizuri ndiye anayekabidhiwa bunduki msimu huo, mwingine anafuata na panga na tochi. Mwaka huu tulikuwa wawili, Bakari na mimi. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilijua nikipiga risasi moja tu nitapiga kelele mbele ya wanaume.

Bwana nyama akashuka kwenye gari na dude. Chuma chekundu, miguu mitatu yenye skrubu za kupandisha na kushusha. Mbele pana pahala pa kuegemeza mtutu, nyuma pana kama kiatu cha mpira cha kupokea kitako, na katikati sinia la kupakia viroba vya mchanga. Lilikuwa la wawindaji wageni waliomaliza msimu wao wakaliacha. Unailaza bunduki humo, unakaa nyuma yake kwenye stuli kama unauza karanga, unavuta triga polepole. Teke lote linaishia kwenye viroba. Bega lako halina habari.

Bakari akasema, "Masikini, bunduki yetu imeugua, imelazwa." Tukacheka, na tangu hapo dude likaitwa kitanda.

Kitanda kina kazi yake, na bwana nyama mwenyewe alitueleza. Ni cha kurekebishia shabaha ya bunduki, ujue inapiga wapi bila mkono wa mtu kuitikisa na bila mpigaji kuchoka bega. Ukishamaliza kuirekebisha unaiondoa, unaishika mwenyewe, ndipo unapimwa wewe. Lakini risasi zilikuwa chache. Kila mtu tatu. Ukitumia za kurekebishia hubaki na za kupimia. Basi wakanong'ona pembeni, yeye na Bakari, kisha bwana nyama akatangaza kwamba risasi zile zile zitahesabika kuwa mtihani. Wote tupige kitandani.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wakadhani nimepiga chafya.

Bakari alipiga zake tatu, zikakaa kwenye upana wa kiganja. Zangu tatu ungezifunika kwa kifuniko cha birika. Kwa nini zisikae? Pumzi ninayo, macho ninayo, na kidole hakina kosa. Kitu pekee nilichokosa siku ile ni bega, na bega halikuulizwa. Yule mzee wa mwiko alikuwepo, akapiga makofi. Nikasaini daftari. Nikaitwaa bunduki nikaitundika bega la kushoto, nikatembea nayo hivyo wiki tano.

Wiki tano nilikuwa na nafasi ya kusema. Wiki tano!

Alhamisi asubuhi wakaja kutuita. Nyati kaingia shamba la ufuta, kanasa waya wa majangili mguuni, kaukata, anauburuta huku amepagawa. Ufuta ulikuwa umekatwa, matita yamesimamishwa yakauke, naye anayapiga pembe yanamwagika. Juu ya dungu walikuwa wanawake wawili waliolala pale kulinda mavuno, hawawezi kushuka, na dungu lenyewe lina miguu ya miti minne tu. Nyati alikuwa ameshaugonga mguu mmoja.

Tulimkaribia na Bakari kulia kwangu. Hatua kama arobaini. Hapo ni karibu, hapo mtu aliyepigia kwenye kifuniko cha birika hakosi.

Nikainua bunduki, nikaweka kitako begani.

Niseme ukweli kama ulivyo, maana ndio niliokuja kuandika. Mwili ulikuwa unayajua maumivu kabla hayajaja. Nikafumba macho. Yote mawili. Nikaivuta triga kwa pupa kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe, ili yaishe. Risasi ikapita juu huko, sijui ilikwenda kutua wapi. Maumivu yalinipofusha kweli sasa, na nilipofumbua, nyati alikuwa ananijia mimi.

Mkono ulikataa kupakia ya pili. Nilikuwa naona vidole vinatapatapa juu ya chuma kama si vyangu.

Bakari akavua shati. Akalipunga, akakimbilia pembeni akipiga kelele, "Huku! Njoo huku, mwanaharamu, mimi ndiye niliyekuita!" Nyati akageuka. Bakari alikuwa na panga na shati, basi. Nilimsikia kabla ya kumwona akirushwa juu kwa pembe. Ya pili sijui niliipakiaje; niliipiga karibu kabisa, shingoni, macho wazi, kwa sababu nilikuwa namtazama mtu akifa. Nyati akapiga magoti.

Kijana mmoja akawahi kumchinja kwa bismillahi, na nyama ikagawanywa Bakari hajafika hata barabarani. Mimi nikaletewa paja. Nilimwambia mama alitoe sadaka. Mama akaliangalia, akaniangalia, akasema sadaka huanzia nyumbani, akabandika chungu. Sikuonja. Harufu imenifuata mpaka huku.

Ijumaa bwana nyama akaja kuandika ripoti. Akaniuliza risasi ya kwanza ilikosaje. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: bunduki ikirekebishwa kwenye kitanda, ikija kushikwa na mtu hupiga juu, ni jambo linalojulikana. Ataandika hivyo. Jumatatu nije Masoko, ofisini kwake, nisaini.

Nami nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, afande.

Na huenda ni kweli inapiga juu. Sitajua kamwe, maana sikuona. Mtu aliyefumba macho hana haki ya kusema bunduki imepiga juu au chini.

Basi leo nikaja kumwona mgonjwa. Wifi Somoe, mke wa Bakari, alinivutia kigoda, akanimiminia uji wa mume wake mwenyewe, akanishika mkono wa kulia akasema, "Mungu akulinde, wifi, bila wewe mie ningekuwa edani." Alinishika bega pia. Nikauma meno nikatabasamu. Alipotoka kwenda kufua mashuka nilimwambia Bakari, kwa sauti ndogo, kwamba nilifumba macho.

Hakushtuka.

"Bega bado, siyo?" akaniuliza.

Nikamuuliza bega gani. Akacheka mpaka paja likamuuma, akatukana kidogo kwa Kimatumbi, kisha akasema, "Kwenye msiba wa shangazi yako nilikuona umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi kwa mkono wa kushoto. Dada'ngu, nani anakuna nazi kwa kushoto? Machicha yalikuwa yanaruka mpaka kwenye mkeka wa masheikh."

Halafu akaniambia lile ambalo limenitoa wodini na kunileta kwenye benchi hili. Siku ya shabaha, walipokuwa wananong'ona pembeni, ni yeye aliyemshawishi bwana nyama wote tupimwe kitandani. Alisema ni kuokoa risasi. Hakutaka niaibike mbele ya yule mzee. Alihesabu kwamba bega litapona kabla msimu haujachanganya.

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Labda angelia. Mimi nilipandisha hasira. Nilimwambia alinihurumia bila ruhusa yangu. Nilimwambia hayo mtu aliyefungwa plasta, aliyevua shati mbele ya nyati kwa ajili yangu. Mdomo wangu una kasi pale pasipotakiwa, panapotakiwa unaitikia tu ndiyo, afande.

Bakari akaningoja nimalize. Akasema, "Saini tu. Sema kitanda. Kitanda hakina mama wa kukililia."

Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Laiti ingekuwa hivyo! Mimi niliyaficha yangu, na mguu uliokwenda ni wa mwenzangu, aliyejua akanifichia.

Nimekaa hapa nikiifikiria ripoti ile. Ikisema kitanda, watashusha shabaha ya bunduki kidogo, mambo yataisha. Bunduki itabaki kwangu. Mwakani watatupima kitandani tena, maana risasi hazitaongezeka. Na huko ndani nyati hawajaisha, wala waya haujaisha, wala ufuta. Siku nyingine watakuja kuniita, nami nitakwenda na bega hili, na kulia kwangu kutakuwa na mtu mwingine mwenye panga na shati.

Nikisema kweli, najua kitakachofuata. Yule mzee atasimama kwenye mkutano na mwiko wake. Hawatasema fulani aliteguka bega akaficha. Watasema mwanamke alifumba macho. Na msichana yeyote wa kwetu atakayetaka kazi hii miaka ijayo atasimuliwa habari zangu kwanza. Hilo linaniuma kuliko bega, na bado sijaona njia ya kulikwepa. Wifi Somoe naye itabidi aliache lile neno lake ahsante, na sijui ataweka nini mahali pake.

Nilikuwa nimepanga kumwambia bwana nyama kesho, ana kwa ana. Lakini najijua. Atasukuma karatasi mbele yangu, ataniita mama jasiri, na kidole kitasaini kwa pupa ili yaishe.

Kwa hiyo nayaandika hapa leo, kabla ya kesho. Bwana nyama huisoma blogu hii, aliwahi kunisahihisha habari za nyayo za chui. Shikamoo, afande. Risasi ya kwanza nilifumba macho. Kitanda hakina kosa. Bega langu halijapona na nililificha mimi. Kesho nakuja Masoko na bunduki, uipokee.

Wifi anarudi na beseni la mashuka, ananipungia mkono. Simu iko mkono wa kulia, bega linauma. Nikibonyeza hapa, haitarudi nyuma.

Nabonyeza. Macho wazi.