Kura Iliyobaki Mfukoni

Dada Mehitabeli,

Jimbo zima la Vermont linajua ni mimi niliyemchagua gavana. Uongo, dada, sikuchagua hata paka. Wananchi hawakumpa yeyote zaidi ya nusu ya kura, ikabidi sisi wabunge tuamue. Nami nikachomoka kunywa pombe ya matufaha na wapinzani wa mumeo. Niliporudi, kofia ya kukusanyia kura ilikuwa imeshapita.

"Mzee Zadoki, temea pombe humu kofiani, labda itahesabiwa!" wabunge wenzangu wakanicheka.

Mumeo, shemeji Asaheli, amekosa ugavana kwa upungufu wa kura moja, na karatasi yenye jina lake ningali nayo mfukoni. Naona haya hata kumsalimu.

Lakini ujanani nilikufichia siri kwa baba ulipotoroka kwenda dansini. Nilipe sasa: Jumapili nisogezee nafasi kwenye benchi lenu kanisani.

Kakako mlevi,
Zadoki