Kola Nyeupe ya Mama

Baba,

Shikamoo sikupi. Wakuamkie wengine huko uliko, mimi bado nina hasira nawe.

Jana baba mdogo kaja mpaka mlangoni, hapa Njoro, kashika isale kwa mikono miwili. Eti nikusamehe, maana Mchagga akiletewa lile jani hakatai. Nimekataa. Nikamwambia isale alete aliyekosa, na aliyekosa tumeshamzika Uru. "We mtoto una moyo gani?" Moyo wa babangu, nikamjibu.

Kisa ni ile picha. Unaijua.

Mama alipougua akili hakupiga kelele hata siku moja. Alinyamaza tu. Alikaa kihambani, chini ya migomba yetu, kanga imefungwa vizuri, anachambua kahawa bila kusema na mtu. Siku uliyomwambia "Leo nakuchora," aliamka, Baba! Akaoga, akapiga pasi blauzi yake ya kanisani, ile yenye kola nyeupe. Kwenye kitabu chako cha picha za Waholanzi wa kale, kile ulichopewa na yule mtawa, Mama alikuwa amemwona mwanamke mmoja wa kitajiri mwenye kola nyeupe pana, katulia kwenye kiti. Akaniuliza, "Nimefanana naye?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuyasikia kwake tangu kahawa ilipochanua.

Na wewe ukafunua kurasa za mwisho, za vichaa. Ukanigeukia mimi, mwanafunzi wako: "Kichaa anajulikana kwa mdomo." Ukamchora kaachama, nywele timutimu, nguo imechanika begani, mkononi bua kavu kama wale wa kitabuni. Mke wako kakaa mbele yako na kola yake imenyooka! Hivi ulikuwa unamtazama nani?

Ukaitundika dukani kwako, katikati ya vibao vya saluni na bucha ulivyokuwa ukichora. Wateja wakacheka, ukacheka nao. Mama alipata dawa, akapona, akarudi sokoni na ndizi zake. Picha haikupona. Mpaka leo kuna watoto Uru hawamwamkii, wanamwachamia midomo. Nilikuomba uishushe. Ukasema sijui sanaa.

Na kwenye msiba wako wakaileta, wakaiweka kando ya jeneza. "Kazi yake bora," walisema. Mama akaitazama, akavuta kanga, akafunika mdomo wake mwenyewe. Hapo ndipo nilipokuchukia, Baba. Nasema kweli, hapo hapo, na udongo haujakufunika.

Sasa sikia. Jana nilipomkatalia baba mdogo, mama alitoka ndani akalipokea lile isale yeye. Asubuhi nikamkuta amekaa mbele ya ile picha uliyomchora, tuliyorudi nayo toka msibani, blauzi imepigwa pasi, ananisubiri.

Nachora juu ya kitambaa chako kilekile. Mdomo nimeshaufunga. Bua nimelifuta, na mahali pake ametaka nichore isale, ameshalishika. Nilipopeleka brashi pale chini nifute na jina lako, akanishika mkono. "Acha. Baba yako naye aone."

Basi jina limebaki. Amekusamehe mwenye haki ya kusamehe. Mimi bado, na usinisubiri.

Ila nakuahidi hili: rangi ikikauka, naitundika dukani, kwenye msumari wako uleule. Anayetaka kumcheka mama atamcheka huku mama mwenyewe anamtazama.

Kwaheri, Baba. Lala, kama utaweza.

Mwanao,
Felista