Friza Yangu na Mkono wa Mama Mkwe

Tabora, Jumapili jioni. Joto la kukera. Mawingu yalijikusanya tangu mchana upande wa Kipalapala, kisha yakatunyima hata tone. Nami nimenuna kama yalivyonuna yenyewe.

Asubuhi nilipanda mzani. Nimepungua.

Sijafurahi.

Acha nieleze hapa, maana nisipoandika nitamtamkia mtu maneno mabaya. Yote yalianza na presha. Nesi alinipima, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, mama, punguza mwili. Hilo ningelivumilia. Lakini mume wangu, Elias, akaligeuza kichekesho. Kila wageni wakija: "Mpisheni huyo, akikaa kochi linaomba msaada." Watu wanacheka, nami nacheka nao, kisha naenda jikoni kulia huku nakula chapati. Ndiyo, nalia huku natafuna. Hapa sina sababu ya kudanganya.

Ndipo nikampata dada mmoja wa Gongoni anayeuza vyakula vya dayati vilivyogandishwa. Anakuletea vikontena vya wiki nzima, kila kimoja kimebandikwa siku yake, Jumatatu mpaka Jumapili. Unatoa kwenye friza, unapasha kwenye maikrowevu, unakula, basi. Wali kidogo wa kahawia, kipande cha kidari cha kuku kisicho na ngozi wala chumvi ya maana, na karoti zilizochemshwa mpaka zikakata tamaa. Pembeni panaunguza ulimi, katikati bado barafu. Sharti lake moja: usiguse kingine. Nililishika sharti hilo kuliko amri za kanisa, nikajiona shujaa.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Igunga.

Mama yake Elias ni mjane, mtu wa jembe na maneno machache. Alishuka basi na mchele mpya, jogoo aliyefungwa miguu, karanga, na nsansa, yale majani ya kunde aliyoyakausha mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimekonda, naumwa? Nikamwambia siumwi, mama, nipo kwenye dayati. Akasema "Haya," akaenda kutafuta chungu.

Jumanne jumuiya ilikuja kusali kwetu. Mama alipika tangu mchana. Baada ya sala wanawake tukakaa mkekani, sinia likawekwa katikati: wali, jogoo, na nsansa iliyoungwa kwa karanga mpaka ikanona. Wenzangu wakanawa mikono. Mimi nikainuka, nikaingia jikoni, nikarudi na kikontena changu cha Jumanne.

Nikala peke yangu mbele yao, kwa uma.

Mama Theresia, jirani yetu ambaye kwao ni kijiji kimoja na mama, alilitazama sinia, akanitazama mimi. "Mwenzetu," akasema huku akicheka, "chakula cha mkweo unakiogopea nini?"

Wote walicheka isipokuwa mama. Nami nikacheka! Badala ya kusema ni presha, ni nesi, ni huyu mume wangu na kochi lake, nikacheka, kwa sababu nimezoea kucheka ninapochomwa.

Aliye mbali huenda asione uzito wa utani ule. Mama ni mzee, hana mume, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yote. Kule kijijini, bibi wa namna hiyo akikataliwa chakula na mkwewe hadharani, watu hawasemi mkwe ana dayati. Wanasema mkwe amejua kitu. Dada yake mama aliihama nyumba yake mwenyewe kwa maneno yaliyoanza kama mzaha. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimeolewa humo humo.

Kesho yake mama akaanza kuonja.

Huku kwetu anayekukaribisha pombe hunywa funda moja kwanza mbele yako. Tunaita kutoa uchawi, na kwenye pombe watu hufanya huku wakitaniana. Lakini mzazi hamfanyii hivyo mtu wa nyumbani kwake. Basi yeye alinitilia uji, akachota kijiko, akameza huku ananitazama, ndipo akausogeza kwangu. Maji ya kunywa, vilevile. Hata chai.

"Mama, usifanye hivyo," nilimwambia.

"Ili unywe ukiwa na amani, mwanangu."

Unadhani nilikunywa ule uji? Nilimweleza habari za presha, nikamweleza sharti la dada wa Gongoni, naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na uji ukapoa mezani. Elias nilipomwambia, akasema mambo ya wanawake yamalizwe na wanawake. Kumbe utani wa kochi ndio wa wanaume.

Jana mama aliondoka, mapema kuliko alivyopanga. Mama Theresia alikuwa ameshamtangulia, ameitwa msibani huko huko kwao. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili nimelikatia tiketi mwenyewe.

Leo mchana nimefungua friza. Vikontena vitupu vya wiki iliyopita, nilivyoviosha ili nivirudishe Gongoni, vimejaa. Wali wa Igunga, kuku, nsansa. Mama aliona nakula vya friza, akanipikia vya friza. Karatasi za siku bado zimebandikwa. Na katika kila kimoja, kona moja ya wali imemegwa, alama za vidole zimeganda palepale.

Ameonja vyote.

Nilipasha cha Jumapili nikakila chote, hata penye barafu. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Nina hasira na nesi, na Elias, na Mama Theresia, na karoti za watu, lakini aliyeinuka mkekani ni mimi.

Na kula hapa jikoni peke yangu hakumsaidii mama. Nilimkataa mbele za watu, basi nikale mbele za watu. Kesho napanda basi la Igunga. Nitakaa uani kwake, penye njia, Mama Theresia aitwe na yeyote anayepita akaribishwe, nile kwa mkono wangu sinia moja na mama. Presha tutajuana baadaye.

Ila swali moja linaninyima raha tangu mchana. Mama akiweka kile chakula mbele yangu, ataniacha ninawe nile, au atamega kwanza?