Simu Ipumue

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Valéry amenitaja! Asubuhi hii, kwenye blogu yake ya Kifaransa, ile ya mambo ya programu inayosomwa na watu wote wa kompyuta hapa mjini Buja. Ameandika kwamba kuna mama mmoja Buyenzi anaeleza simu kwa Kiswahili, tena vizuri, nendeni mukamusome. Mama mmoja Buyenzi — ni mimi. Nimerudia kusoma huku Hiba ananyonya, mpaka akaniuma.

Makala aliyoisifu ni ya wiki iliyopita, «Simu Ipumue». Simu zetu sisi ni okazyo, zimeshapita mikono mingi, zinajaa upesi, zinaganda. Nilieleza hivi: kinachokula nafasi ni ile programu ya mesaji. Itoe kabisa. Iweke upya. Andika namba yako. Ikikuuliza kama irudishe ya zamani, kubali. Maneno yanarudi, sauti zinarudi, takataka zinabaki nje.

Siandiki kitu ambacho sijakijaribu kwa mkono wangu. Nimeliweka neno hilo juu kabisa ya blogu, chini ya jina. Hii nilijaribu dukani kwa mzee Nasser, ninakouza, katikati ya kupimia watu misumari. Vyote vilirudi, hata salamu za Idi.

Ilyasi nilimsomea. Yeye kutwa yuko garaji bila kazi, magari hayatembei, esansi hakuna. Akauliza hiyo blogu itatuletea nini. Nikasema kwanza inaleta watu. Akasema watu hawaliwi, Mama Hiba. Lakini alicheka, na jioni nikamsikia anamwambia jirani kwamba mke wake ametajwa.

Hayat, dada yake Ilyasi, naye alipita. Huyo hajasoma hata mstari mmoja wangu. Akanusa sufuria, akaniuliza kama maharage nayo yanapikwa na kompyuta.

Jumatano, 6 Agosti

Watu wanakuja! Nikifungua nakuta majina nisiyoyajua — wa Gatumba, wa Uvira, mmoja Kigoma. Wote wanashukuru. Mmoja anasema simu yake imekuwa kama mpya.

Kazi yangu ni hivi: kidole gumba kimoja kinaandika, mguu unabembeleza Hiba. Kioo kimepasuka upande wa herufi A, naandika kwa kubahatisha. Mimi niliyeacha shule kabla ya diploma. Kuna siku najiona kama nimekaa kwenye kiti cha mtu mwingine, mwenyewe akirudi nitasimama.

Mama — mama yake Ilyasi — simu yake nayo imejaa. Nilimtumia picha ya Hiba amesimama peke yake, ikakataa kuingia. Akasema, «Na mi unipumulishie, mwanangu. Ao ni kwa wageni tu?» Alisema kwa fahari, mbele ya jirani.

Nikaketi naye uani, nikatumia mega zangu za intaneti. Nikatoa, nikaweka upya, namba, basi. Ikafunguka nyeupe. Haikuniuliza kitu. Nadhani ni konesho ya mtandao, leo iko nzito. Kesho nitaitazama dukani.

Leo Mama hakuomba kumsikiliza Anouar kwenye hiyo simu. Hiba alikuwa amemlalia mapajani.

Alhamisi, 7 Agosti

Sauti hazipo.

Nimebeba simu ya Mama dukani, nimesema naenda kuichaji. Wifi ya mzee Nasser, intaneti ya dukani, iko juu, hakuna kisingizio. Nimetoa tena, nimeweka tena. Nyeupe. Halafu nikaona chini ya makala kuna mama wa Gatumba ameandika: dada, zangu hazikurudi, nifanye nini?

Hapo ndipo nimeelewa, misumari mkononi, mteja amesimama ananitazama. Programu inapandisha kopi huko juu mtandaoni pale tu inapoona wifi. Kwa mega haipandishi, inaogopa kuzimaliza. Simu yangu inakaa dukani kutwa nzima, inapandisha yenyewe, mimi sijui hata lini. Na Buyenzi nani ana wifi? Gatumba nani? Nilijaribu kwa mkono wangu, ndiyo. Mahali ambapo hakuna msomaji wangu hata mmoja.

Niandike hapa vilivyokuwemo, nisisahau na mimi. Anouar ndiye kitindamimba wa Mama. Alikuwa anaendesha tegisi, mjini hadi Gatumba. Amefariki mwaka jana kabla ya Ramadhani, ini. Alikuwa hapendi kuandika, anatuma sauti, na Mama hasomi, kwa hiyo walielewana. Mama, niko Gatumba, ndagala za ziwani leo ni nzuri, usipike kitu. Mama, weka chai, nina abiria mmoja tu nakuya. Mama, mvua imenifunga huku, usinifungie mlango. Hakuna neno la maana hata moja. Kila alasiri, akimaliza kuswali, Mama anabaki kwenye mkeka, ananipa simu nimfungulie, anasikiliza. Na anamjibu. Anamwambia chai iko tayari.

Leo alasiri amenyoosha mkono. Nimesema simu bado iko dukani, chaji haijaingia vizuri. Akasema haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwandikia Valéry. Amejibu haraka, kwa adabu, Madamu Yasmina hivi, Madamu Yasmina vile. Anasema pole, kila anayeandika mambo ya programu ana siku yake kama hii. Anasema nisiifute makala, watu wanazidi kuja, niongeze tu mstari chini, kwamba hakikisheni kwanza kopi ipo.

Mstari chini. Nani anafika chini? Mtu akisoma neno «itoe» anatoa hapohapo.

Nimeifuta. Na haikusaidia. Watu walikwisha kuinakili, inatembea kwenye magurupe, jina langu likiwa chini yake. Leo imenirudia mimi mwenyewe, kutoka kwa binamu wa Ngagara. Ameweka na makofi.

Mama hakuuliza leo. Alikaa tu kwenye mkeka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilipata wazo, nikaamka na nguvu. Sauti hizo Anouar hakumtumia Mama peke yake! Nyingine alizirusha kwenye gurupe la familia, zote kabla mimi sijaingizwa humo, nyingine kwa Houda mchumba wake. Nikamfunga Hiba mgongoni, nikaenda Ngagara kwa miguu, basi zilikuwa na foleni ndefu kuliko njia yenyewe.

Houda amenipokea vizuri, chai, mandazi, mtoto amekua. Nikamuuliza taratibu. Akashika mdomo.

Alisema, «Dada, mi nilikuwa wa kwanza kufuata. Siku ileile ulipoandika. Nilikutumia na kopa.»

Nakumbuka ile kopa, kile kimoyo cha simu. Nyekundu.

Alisema alidhani zitarudi siku moja zenyewe, alikuwa anangoja. Nikalia mimi, yeye akanibembeleza mimi. Ndiyo ilivyokuwa, aliyefiwa anambembeleza aliyempotezea.

Nikarudi nikimpigia kila mtu wa gurupe. Shangazi amefuta. Binamu amefuta. Ilyasi wangu, mume wangu anayesema watu hawaliwi — amefuta, kwa siri, alitaka kuona kama mke wake anasema kweli. Kila anayenipenda amenisikiliza.

Ikabidi nimwambie Ilyasi yote. Alikaa kwenye kizingiti, anasugua girisi kwenye vidole ambavyo havina girisi tena. Halafu akasema watu walikuwa wanachanganya sauti yake na ya mdogo wake, kwenye simu hata Mama alikosea. Akasema anaweza kuzisema. Chache tu. Mama hatajua.

Nilisema apana. Sikusema kwa nguvu.

Jumapili, 10 Agosti

Ilyasi alirekodi kule garaji, akaniletea nisikilize kabla. «Mama, niko Gatumba—» Basi. Baada ya hapo ni pumzi, na chuma kinaanguka mahali. Akaniambia nifute. Nimefuta. Kufuta ninajua.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Mama.

Yeye ndiye aliyeanza. Alasiri, amekunja miguu kwenye mkeka, akasema chaji gani hii inaumwa siku zote hizi. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayenifungulia mlango nipite. Nikampa Hiba ili mikono yangu iwe mitupu, nikapiga magoti.

Nilieleza vibaya. Nilisema kopi, nikasema wifi, nikasema hewani. Akaniacha nimalize.

«Zote?»

«Zote, Mama.»

«Hata ile ya ndagala?»

 Akamtazama Hiba, akamfunga kifungo kimoja cha gauni kilichofunguka. Akasema Mwenyezi Mungu ametoa, Mwenyezi Mungu amechukua, lakini alikuwa anayasema kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mkono.

Angenigombeza! Ningejua pa kukaa.

Jioni nilipita uani. Simu iko mkekani karibu yake, imezimwa. Bado anaketi nayo.

Jumatano, 13 Agosti

Sikufungua blogu. Mzee Nasser ameniuliza kwa nini siandiki leo, akasema duka limekuwa kimya bila mimi kujicheka peke yangu kwenye konta. Nikasema macho yanauma.

Mama wa Gatumba ameandika tena. Zake zilikuwa za mume wake, yuko mbali. Angalau yuko. Nimemjibu kwamba mwombe akutumie nyingine. Nimebonyeza kutuma, ndipo nikaona nimeandika nini. Kwake ni jibu zuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Hayat!

Ilyasi ndiye kasema, anakula, hata hakuinua kichwa. Akasema Hayat hafuti kitu, yule hata gazeti la kufungia nyama analikunja analiweka. Na kweli, Hayat ndiye pekee kwenye ukoo wote ambaye hajawahi kunisoma! Dharau yake imemlinda. Nimecheka peke yangu, mara ya kwanza wiki hii, na maziwa yakashuka hapohapo.

Ila gurupe la familia yeye alitoka zamani, aligombana na Anouar. Siku ya harusi ya Hayat, Anouar alisema mbele ya wakwe kwamba bwana harusi anapenda chupa. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa mahali pake. Hawakusemezana tena. Anouar alipolazwa, Hayat alikuwa anasema ataenda kesho.

Nimempigia. Nilitegemea anicheke, nilikuwa nimejitayarisha kuchekwa. Hakucheka. Akasema iko moja. Anouar alimtumia kutoka hospitali, kwake yeye peke yake. Hajaifungua. Alikuwa anaiweka kwa siku moyo utakapotulia.

«Nakuya kesho nyuma ya swala ya Ijumaa,» akasema. «Tuisikie wote. Peke yangu siwezi.»

Nimemwambia Mama. Amenitaka nimtafutie kile kitenge cha kijani.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika haraka, niko chumbani.

Hayat amefika, bila utani hata mmoja, amevaa nyeupe. Hakunusa sufuria. Ilyasi ametoka msikitini moja kwa moja, kofia bado kichwani. Mama mkekani, kitenge cha kijani, amejipaka wanja! Amechemsha chai, vikombe vitano. Tuko wanne, Hiba hanywi. Sikuuliza.

Hayat akaitoa simu kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso. Akatafuta jina. Lipo: Anouar, na picha yake amekaa juu ya boneti. Na sauti ipo, ndefu kuliko zote alizowahi kutuma. Yeye ambaye sauti zake zilikuwa fupi, anasema na abiria wamepanda tayari.

Hayat hakuweza kubonyeza. Akanipa mimi. «Bonyeza we,» akasema. «We ndiye unajuaga simu.» Hakuwa ananisimanga. Ndilo lililoniuma, kwamba hakuwa ananisimanga.

Mama akasema Bismillahi. Nikabonyeza.

Ikazunguka. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka. Nikafikiri ni mega, nikafungua zangu, nikamuunganishia. Ikazunguka tena. Halafu yakatokea maneno, Kifaransa. Sauti isiyofunguliwa haishuki kwenye simu — nilikuwa sijui, naapa nilikuwa sijui. Inangoja huko juu. Wakiona mwenyewe haji kuichukua, wanaitupa. Kwenye simu kinabaki kivuli chake tu, na urefu wake.

Imeandika: sauti hii haipatikani tena. Tafadhali mwombe Anouar akutumie upya.

Jina lake kabisa. Mwombe Anouar.

Nimeibana simu kifuani. Nimesema Hiba amelowa, nakuya sasa hivi. Nimeingia huku, nimeshusha pazia. Hiba yuko kitandani, mkavu, anacheza na mguu wake. Nimebonyeza tena, na tena. Maneno yaleyale.

Nje wanangoja. Wanadhani natafuta mahali penye konesho nzuri. Nasikia chai inamiminwa. Kikombe kimoja, kingine, kingine. Kingine. Kingine.

Hayat anajikohoza. Na Mama anauliza, nyuma ya pazia, polepole, kama anayeogopa kumkatiza mtu:

«Yasmina, mwanangu. Anasemaje?»