Engozi kwenye Mnara wa Kibingo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimewasili Kibingo saa nne asubuhi. Mnara umekwisha kusimama: mita ishirini na nne za chuma, bado bila tangi la maji. Jumatatu ijayo mafundi watapanda kulifunga. Kabla ya hapo ni wajibu wangu, Afisa Usalama (wa majaribio!), kupendekeza kifaa cha kumshushia mtu atakayeteleza na kubaki akining'inia. Hanesi, ile mikanda ya kujifunga mwilini, itamzuia asifike chini, hilo ni kweli. Lakini akining'inia muda mrefu, mikanda hubana mapaja, damu hubaki miguuni, na mtu anaweza kufa bila kugusa ardhi. Nimejiwekea kikomo: dakika kumi na tano.

Vifaa viwili vimeletwa tuvijaribu. Cha kwanza ni winchi ya betri, ndani ya sanduku lenye magurudumu, na rimoti yake. Cha pili ni mfuko mwekundu tu: makapi, yaani roda ambazo kamba imekwisha kupitishwa ndani yake, kulabu ya chuma, fimbo ndefu ya kumfikia aliyeanguka. Nikiri — winchi inapendeza. Nimeipiga picha nne.

Msimamizi wa mafundi ni mzee Ildefonsi. Nilimpa shikamoo kabla sijamtambua.

"Marahaba, Koku. Umekuwa mzito sasa. Mimi sikubebi tena."

Mafundi wakacheka. Nikalikumbatia faili langu kifuani.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mvua. Hakuna kazi. Nimekaa na kumbukumbu badala ya katalogi.

Nilikuwa na miaka minane, Bugomora. Nilianguka kutoka kwenye mparachichi wa bibi, mguu ukavunjika. Wanaume wakaja na engozi, machela yetu ya kusukwa, wakanilaza humo na safari ya zahanati ikaanza. Wanne mabegani, wengine nyuma wakisubiri zamu. Aliyechoka anaita, "Hindura!" Badili! Mwenzake anaingiza bega chini ya mti wa machela kabla yeye hajaondoa lake. Sikuwekwa chini hata mara moja, njia nzima! Nakumbuka majani ya migomba yakipita juu yangu, na anga vipande vipande. Harufu ya kahawa iliyoanikwa. Na mbele, bega la kushoto, kibarua mmoja kutoka Burundi aliyekuwa akivuna kahawa kwa jirani. Alikuwa akiimba Kirundi polepole ili nisilie. Nililia vilevile.

Ndiye huyu. Ildefonsi.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Siku mbaya. Niiandike kama ilivyokuwa.

Tulianza na mfuko mwekundu. Hatukuwa na sanamu ya mazoezi (nilisahau kuiagiza, kosa langu), hivyo tukajaza hanesi mikungu mitatu ya ndizi. Kilo tisini, takriban. Felisiani alipanda kuifunga. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mtoto wa wafugaji wa hapa Kibingo, na ana maneno mengi kuliko redio.

"Madam, mgonjwa huyu ameiva au bado?"

Tukawashusha "wagonjwa" wale kwa utaratibu mzuri. Walipofika nusu ya mnara, ncha ya kamba ikanasa kwenye ngazi. Ikavutika kidogo tu. Mikungu yote mitatu ikaanguka kutoka mita kumi na mbili.

Mlio ule bado ninao masikioni.

Baadaye ukweli ukajulikana. Felisiani hakuiamini ile kulabu — anasema ni ndogo kama ya kushikia funguo — akaiacha, akafunga fundo lake mwenyewe. Fundo la kumfungia ng'ombe! Fundo ambalo limekusudiwa kufunguka kwa mvuto mmoja wa ncha yake, ili ng'ombe akipatwa na hofu mfugaji amwachie upesi.

"Nimefunga hivyo tangu utotoni," alisema kwa sauti ndogo. "Halijawahi kuniangusha."

Ildefonsi alizitazama ndizi zilizopondeka. "Ng'ombe angekuwa amekwenda zake, Felisiani. Wewe ungeacha watoto yatima."

Ndizi zikamenywa, zikapikwa na maharage.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Nimetuma ripoti ofisi kuu, Bukoba. Kurasa kumi na moja, picha nne. Pendekezo: winchi. Sababu: mfuko mwekundu "umeshindwa katika jaribio." Mhandisi Eliud, mkuu wangu, amepiga simu ndani ya saa moja. Kazi safi sana, amesema. Jumatatu anakuja na wenye mradi kuiona winchi ikifanya kazi, na tutazungumzia mkataba wangu wa kudumu.

Niliruka chumbani peke yangu kama mtoto!

Jambo moja dogo. Winchi yenyewe sijaijaribu. Tutafanya kesho.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Dakika thelathini na moja.

Winchi ina miguu mitatu, na jukwaa la juu la mnara huu ni jembamba. Mguu wa tatu haukupata pa kukanyaga. Mafundi wawili walihangaika kulipandisha sanduku, kisha kuupangusa ukungu kwenye rimoti, kisha kuusogeza ule mguu, kisha kuusogeza tena. Katika hanesi safari hii tulitia mifuko ya mchanga. Mchanga haukati roho. Nilikuwa nikitazama saa, na ilipopita dakika ya kumi na tano nikaizungushia duara daftarini.

Ildefonsi akauliza kama tunaweza kurudia ule mfuko mwekundu, kwa kulabu yake. Felisiani akaifunga mwenyewe, akaivuta mara tatu, akamwita mzee aikague. Juu, fimbo ikamfikia "mgonjwa"; chini, wanne wakashika kamba. Wa kwanza alipochoka, nikasikia sauti ya Ildefonsi:

"Hindura!"

Mikono ikabadilishana, na kamba haikulegea hata kidogo. Sikuwa nimewafundisha hivyo. Mwongozo wa kifaa una kurasa arobaini na hauna neno hilo.

Dakika tisa.

Mfuko haukushindwa Alhamisi. Kilichoshindwa ni fundo, na mimi nililijua hilo nilipokuwa nikiandika ile sentensi. Nililijua, nikaandika.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Baada ya ibada nilikwenda Nyakasimbi, anakoishi bibi yangu Tukahirwa siku hizi. Nilimuuliza ile engozi ya Bugomora iko wapi. Akanionyesha uani. Alihama nayo. Sasa imewekwa juu ya mawe manne na kahawa imeanikwa juu yake.

"Wagonjwa wanapanda pikipiki," alisema. "Wanafika upesi. Lakini wanafika peke yao."

Nilizigusa kingo zake. Ndogo mno! Katika kumbukumbu zangu ilikuwa pana kama kitanda cha wazazi. Bibi akanikemea kwa kumwaga kahawa.

Nikampigia mhandisi Eliud nikiwa palepale uani. Nilimweleza kila kitu: fundo, jukwaa, dakika thelathini na moja, dakika tisa. Akasema ripoti imekwisha kusambazwa, wageni wanaijua winchi, na mtu aliye kwenye majaribio huwa habadilishi msimamo wake kila siku mbili. Tutaonana kesho. Niiandae mashine.

"Umekuwa mweupe kama unga," bibi aliniambia. Nilimjibu ni jua.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa juu, kwenye jukwaa.

Nilifika mapema nikamweleza Ildefonsi alichosema mkuu. Hakunishauri. Aliuliza tu, "Leo mnaning'iniza nini, mchanga au ndizi?"

"Mimi," nikasema.

Hata sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Felisiani akaacha kucheka. Mzee alinitazama kuanzia buti mpaka kofia. "Na nani anachagua cha kukushushia?"

"Mimi vilevile."

Gari la Bukoba limeingia dakika tano zilizopita. Wageni wanne, viatu vya kung'aa, matope. Sanduku la winchi liko chini kwenye gari letu, limefungwa. Mfuko mwekundu uko hapa miguuni mwangu. Kulabu ameifunga Felisiani kwenye hanesi yangu. Nimeisikia ikilia ilipojifunga, nikaivuta mara tatu, naye akaivuta ya nne.

Kutoka hapa naona migomba hadi upande wa Bugomora, kijani kisichokwisha. Siku ile niliitazama kutoka chini yake.

Mhandisi Eliud anapaza sauti: mashine iko wapi? Anauliza kwa mara ya pili. Wageni wameinua simu zao.

Chini, Ildefonsi ameshika kamba. Amesimama mbele, bega la kushoto. Hamtazami mhandisi. Ananitazama mimi, anangoja nitoke ukingoni.

Daftari linaingia mfukoni. Mguu mmoja tayari uko hewani.