Rangi ya Zizi Letu

Ofisi ya Mifugo, chumba cha nyuma,
14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani na huo mzigo wako? Shemeji hajambo? Huku wengi tu wazima, ila Baba anaumwa. Yeye ndiye sababu ya barua hii, na uso wa kuiandika sina.

Umesema unakuja kujifungulia kwa Mama. Kabla hujafunga mizigo, nisikilize.

Kazi yangu unaijua. Napita zizi hadi zizi nikiuliza kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba, kama maziwa yanachemshwa, kisha napaka rangi kwenye ramani ya ukutani, tujue ni wapi maradhi ya mifugo yanaweza kuwaingia watu. Nyekundu ni hatari, kijani salama. Watu wameshanibandika jina, Bwana Rangi, nami kichwa kikavimba.

Jirani yetu fundi viatu, ambaye pia anafuga, nilimtangazia nyekundu mbele ya wateja wake wa maziwa, wakamkimbia. Nyumbani sikuuliza kitu. Nitamhoji vipi mama yangu mzazi kama mgeni? Nilikunywa maziwa niliyowekewa, nikarudi ofisini, nikapaka kijani.

Baba akashikwa na homa, inakuja inaondoka, viungo vinamuuma hata kushika kikombe ni kazi. Tukamtibu malaria wee, wapi. Daktari alipopima damu akasema huu ni ugonjwa wa ng'ombe, akaniuliza zizi letu lina rangi gani. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamuuliza Mama, naye hakuficha. Yule ng'ombe mweusi ametupa mimba mara mbili, na Baba ndiye aliyemhudumia kwa mikono mitupu.

"Ungeniuliza ningekwambia," akasema. "Nilidhani mtaalamu unajua."

Mganga hajigangi, ndiyo mimi huyo. Jana nimelipaka zizi letu nyekundu, nikaenda kumwomba radhi fundi viatu. Alinisikiliza, akaendelea kushona.

Kwa hiyo ukija, zizini usikanyage, na maziwa mabichi usiyaonje, maana ugonjwa huu unaharibu mimba. Baba ameanza dawa, anakusalimu. Msalimie Shemeji na mama mkwe wako. Mungu akushushe salama.

Mama ameshakiosha chumba chako na kuanika godoro. Tangu jana anachemsha maziwa mpaka yanafurika jikoni. Tafadhali mwandikie yeye, si mimi, kwamba bado unakuja.

Mdogo wako akupendaye.